Mikono ya Wajane

Nakamarra, kocha wa timu ya wasichana, alikuwa akiandika orodha ya wachezaji ndani ya basi la kwenda Yuendumu, kijiji cha jangwani, akakwama kwenye jina la mwisho. Bibi wa kando yake alichungulia, akaona mstari mtupu. Walikuwa wametoka kuulizana koo, wakajikuta wifi, na wifi ana haki ya kusumbua.

"Hapa umemsusa nani?"

"Shanelle ni kiziwi, wifi. Kesho ni fainali. Nikimwita hasikii, na mkalimani yuko mbali, mjini Alice Springs."

"Kumbe kosa lake ni wewe kujua kupiga kelele tu."

Nakamarra alicheka, akasema timu nzima haiwezi kujifunza lugha ya mikono kwa siku moja.

"Mume wangu alipofariki, kwa mila yetu wajane, sikutamka neno mwaka mzima," bibi alisema. "Nilinunua unga, nikalea wajukuu, nikagombana na dada zangu, yote kwa mikono hii. Wasichana wako hawana bibi wajane?"

"Wanao, wote."

"Basi lugha hiyo wameikuta nyumbani."

Akaanza kuonyesha: mpira, nyuma yako, kimbia. Mimi niliyekaa kiti cha nyuma yao nimeishi na wajane hawa miaka mingi, lakini sikuwahi kuona mikono ikikimbia hivyo.

"Na firimbi ya refa je?" Nakamarra aliuliza.

Bibi aliwaza. "Firimbi hatukuwa nayo msibani. Leo nalala kwa binti yangu, hapo Yuendumu. Kesho asubuhi tutaitafutia ishara."

Basi likasimama. Nakamarra alishuka na ishara tatu, jina la Shanelle akiwa bado hajaliandika.