Mtu Niliyemtenga Ndiye Aliyejua

Mwangaluka, ndugu zangu. Mwenyekiti ameomba tuzungumzie namna ya kuwazuia magaidi wanaovuka mipaka. Mimi nina kosa la kuwaeleza.

Miaka ile ya soko huria, wanunuzi binafsi wa pamba wakimiminika hapa Sapiwi, nilikuwa katibu wa sungusungu. Nilikuwa na kidato cha nne, nikajiona naijua dunia. Redio ikatangaza mabomu yamelipuka mjini, watu wamekufa, na waliotega wanajiita Waislamu. Kesho yake nikaandika azimio la kumtenga mwenye duka wetu, Mwislamu pekee kijijini. Hakuwa amekosa lolote. Adhabu mnaijua: hasalimiwi, hapewi moto, na atakayemjibu anatoa ng'ombe.

Wiki mbili baadaye akaja kwangu mchana. Nikampa mgongo. Kesho yake akarudi; nikaingia ndani. Siku ya tatu akasimama kando ya ua wa minyaa.

"Sisemi na wewe, katibu, usije ukapoteza ng'ombe. Nasema na minyaa hii. Watu watatu wamepanga stoo yangu. Eti wananunua pamba, na hawana hata mzani. Wana nyaya, betri, na pasi tatu za kusafiria zenye sura moja, majina tofauti. Jana jioni mmoja ameondoka na begi zito."

Bado nilikuwa nimempa mgongo. Mke wangu akaacha kupepeta mtama.

"Mzee, unangoja minyaa imjibu?"

Nikageuka. "Wamebaki wangapi?"

"Wawili."

Nilipanda baiskeli hadi polisi Bariadi. Jua halijazama, wawili wale walikuwa wamekamatwa. Wa tatu hakupatikana. Ndugu zangu, nawaambia, ningemjibu siku ya kwanza, au hata ya pili, lile begi lisingetoka Sapiwi. Sijui lilifika wapi, wala liliua nani.

Ng'ombe nilimtoa, azimio nikalifuta mbele ya mkutano. Nikamuuliza yule bwana kwa nini alirudi mara tatu kwa mtu aliyemtesa. Akasema, "Watoto wangu wanaishi hapa."

Namshukuru yeye, na mke wangu. Nanyi mnaopanga ulinzi leo, msianze kwa kumnyamazisha jirani kwa sababu ya dini yake. Mimi nilifanya hivyo, na gaidi akapata siku mbili.