Shoga Kwenye Simu ya Fundi Cherehani

Benchi letu ni ubao mmoja juu ya matofali, kati ya saluni na meza ya kutengenezea simu, na lina msumari unaochana suruali ya asiyejua pa kukaa. Wenye nalo ni wanne. Kinyozi hunyoa kichwa nusu akatoka nje kubisha. Fundi Simu hajawahi kukutana na siri akainyamazia. Dalali anashika funguo za vyumba vya mtaa mzima. Halafu mimi, Digrii: miaka minne ya isimu chuo kikuu, miaka mitatu ya kahawa. Asubuhi hiyo Fundi Simu alikuwa amemaliza kubadilisha kioo cha simu ya Fundi Cherehani, mpangaji wa Dalali. Akaiwasha kuijaribu. Ujumbe ukaibuka, naye akausoma kwa sauti ya mtangazaji: “Umeamkaje? Leo ukipita usinisalimie kama mgeni.” Umetoka kwa nani? Jina lililohifadhiwa: Shoga.

Ujumbe ule niliuandika mimi, alfajiri, bila kujua simu yake imelala kwa Fundi Simu. Na yangu ilikuwa mfukoni, sauti juu kabisa, maana mtu anayesubiri kuitwa intavyuu hazimi sauti.

— Shoga! — Dalali akaweka kikombe chini. — Mwanamume mzima? Kwenye chumba changu?

— Taratibu, — Kinyozi akasema. — Marehemu bibi yangu alikuwa na mashoga sita. Ndio waliomwosha alipofariki.

— Bibi yako mwanamke. Kwao ni urafiki. Likivuka kwa mwanamume ni kesi.

— Linavukaje, lina miguu?

— Labda ni mashine, — Fundi Simu akadakia. — Jamaa kaandika “Shangazi”, simu ikajifanya inajua zaidi. Hizi simu za siku hizi zina kiherehere.

— Shangazi gani wa “usinisalimie kama mgeni”? — Dalali akafoka. — Sikilizeni. Neno ndilo linaloleta mambo. Zamani wanaume hawakuitwa hivyo, na watu wa namna hiyo hawakuwepo.

— Kwa hiyo tukilifuta neno njaa, tutashiba? — Kinyozi akauliza.

— Cheka tu! Mimi nimemkataza mke wangu kulitumia. Sasa shoga zake anawaita “mwenzangu”. Na hilo nalo nimeanza kulitilia shaka.

— Utaishia kuongea na mkeo kwa mikono, — Kinyozi akasema.

— Digrii! — Dalali akanigeukia. — Wewe si ndiye uliyesomea maneno? Tupe maana.

Miaka mitatu nimesubiri mtu aniulize swali la taaluma yangu, likaja hili.

— Context, yaani muktadha, ndugu zangu. Herufi ni tano zile zile. Mwanamke akimwita mwenzake hivyo, ni yule anayejua mambo yake yote. Ukimrushia mwanamume, ni jiwe.

— Na mwanamume akimhifadhi mwanamume hivyo, kwenye simu yake mwenyewe?

Nikajimiminia kahawa nyingine. Siku moja Fundi Cherehani alikuwa ananipunguzia suruali ya intavyuu. Nikamwambia, wanawake wana neno la mtu wa kumweleza kila kitu. Sisi tuna “mshikaji”, wa kutazama naye mpira. Akakata uzi kwa meno. “Basi na sisi tuliibe,” akasema. Yaliyokuja baada ya hapo nimeyatafutia jina kwenye kamusi zote nilizonazo. Nimekuta mawe matupu.

— Tunajisumbua bure, — Fundi Simu akasema. — Namba hii hapa. Tupige tusikie sauti.

— Piga! — Dalali akasimama. — Akipokea mwanamume, kitanda na cherehani leo leo viko nje.

Kidole gumba kikashuka. Nikabana mfuko.

— Usipige, — nikasema.

— Kwa nini?

— Itaita hapa.

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana, matusi nina shahada yake. Dalali akakaa tena, lakini ncha ya mbali. Fundi Simu akasogea. Kinyozi naye akasogea, kwa aibu, lakini akasogea. Benchi la watu wanne likapata nafasi ya mtu wa tano.

Ndipo Fundi Cherehani akatokea, tepu shingoni, akipangusa chaki kwenye vidole. Ujumbe wangu hakuwa ameuona, ila hakunisalimia kama mgeni: alinipiga bega, akaiona ile nafasi, akakaa.

— Vipi, — akauliza, — simu yangu imepona?

Fundi Simu aliitazama simu. Kinyozi akautazama mkasi wake. Dalali alikuwa ameshatoa bunda la funguo, anazipitia moja moja, akitafuta wa chumba cha Fundi Cherehani.

Kahawa bado ilikuwa nusu birika. Hakuna aliyemimina.