Gergina Kalaydzhieva, Aliyetunza Vazi la Mtakatifu Petka (1938–2020)

Marehemu Gergina alizaliwa tarehe 6 Mei 1938 hapa hapa Dolno Yavorovo, Bulgaria, siku ya Mtakatifu Georgi, ndiyo maana akaitwa hivyo. Alikuwa mtoto wa tatu wa wafugaji Dimo na Kera.

Alisoma shule ya kijiji hadi darasa la nne. Mwalimu alilalamika kwamba mtoto huyu anajibu kabla hajaulizwa. Tabia hiyo hakuiacha.

Kwa miaka thelathini na moja alitunga majani ya tumbaku kwenye nyuzi yakauke, katika ushirika. Hakuna aliyempita kwa kasi, hata hao wanaojisifu leo.

Tarehe 20 Septemba 1959 aliolewa na Asen, fundi wa shaba na fedha, wakajaliwa binti, Rositsa.

Februari 1993 Asen alibandua vazi la Mtakatifu Petka, yaani bamba la fedha linalopigiliwa kwa misumari juu ya picha yake takatifu kanisani kwetu, akalipeleka karakanani kulitengeneza. Siku ya tatu mlango wa kanisa ukavunjwa, ubao wenye picha ukaibwa. Basi maneno yakaanza: Asen ndiye aliyewafungulia wezi njia. Watu wakaacha kumpelekea hata sufuria. Alifariki mwaka 1999 bado akinyooshewa vidole.

Gergina alilihifadhi vazi lile. Padri Kliment alipolitaka ili aivike picha mpya, alijibiwa: "Padri, nguo ya aliyepotea unampa mgeni? Akirudi atavaa nini?"

Mwaka 2011 picha ilionekana katika makumbusho moja ng'ambo. Gergina, mwenye miaka sabini na tatu, alifunga safari na Rositsa, vazi likiwa ndani ya shuka.

"Mama, una picha ya kuthibitisha?" ofisa wa makumbusho aliuliza.

"Picha mnayo nyie. Mimi nimeleta nguo yake."

Matundu kumi na tisa ya misumari yalilingana. Ofisa bado akasita. Hapo Gergina akatoa siri ambayo Asen alimwambia yeye peke yake: mwaka 1961, alipokuwa akilipigilia vazi hilo, nyundo ilimteleza, akatoboa tundu la ishirini kwenye ubao, chini ya kiwiko cha kushoto cha mtakatifu, na kwa aibu akaliziba kwa nta. Wakakwangua nta. Lilikuwepo.

Petka alirudi nyumbani tarehe 14 Oktoba 2012, sikukuu yake. Polisi nao, wakifuata karatasi za mauzo, walimfikia mwizi: mtu wa mjini aliyekuja kijijini wiki ile ya wizi akijidai mnunuzi wa asali. Jirani Mityo, aliyempigia Asen kelele za mwizi kuliko wote, alikuja kofia mkononi.

"Nyanya Gergina, nisamehe."

"Kamwombe Asen. Makaburini unapajua."

Na alikwenda.

Gergina alianza kuugua kifua mwaka 2018. Daktari alipokuwa akinong'ona, alimwambia, "Sema kwa sauti, mwanangu. Mgonjwa ni mimi, siyo wewe." Alifariki nyumbani tarehe 3 Februari 2020.

Ameacha binti yake Rositsa, mkwe, wajukuu wawili, kitukuu Asen, na dada yake Yordana. Analazwa kando ya mumewe. Aliagiza kwamba vazi likitolewa kusafishwa, tundu la ishirini lisizibwe tena: "Liacheni. Hiyo ni saini ya mume wangu."

Wapumzike kwa amani wote wawili, na jina lao safi.