Flora, Mke wa Mwenye Duka la Dawa

Marehemu Flora Stefano, Mama Maria, alizaliwa Lupaso, Masasi, tarehe 12 Machi 1961. Alisoma shule ya msingi hapohapo, akamaliza mwaka 1975, kisha akajifunza ushonaji Ndanda. Wengi mlioketi hapa mlisomea ndani ya sare alizoshona.

Mwaka 1982 aliolewa na Fortunatus, akahamia Newala, juu mlimani ambako maji ni adimu. Siku ya kwanza mama mkwe alimpa bakuli moja la maji: anawe uso, asuuze vyombo, yatakayobaki amwagie mchicha. Flora akacheka. "Mama, maji haya yana kazi nyingi kuliko mimi!" Tangu hapo wakapendana.

Biashara zilipofunguliwa kwa watu binafsi, Fortunatus naye akafungua duka la dawa sokoni, mwaka 1994. Cherehani ya Flora iliuzwa kuongeza mtaji.

Oktoba 1997, akipalilia mikorosho, alijikata mguu kwa jembe. Mumewe akampa vidonge vya rangi mbili. Vilipokwisha akambadilishia vingine, kisha vingine tena. Flora akaanza kuhara, akakonda sana.

"Baba Maria, nipeleke Ndanda."

"Mke wa mwenye duka la dawa akapange foleni hospitali? Halafu nani atanunua kwangu?"

Akamwongezea dozi.

Kaka yake, Bonifasi, alipokwenda kumjulia hali alimkuta anatetemeka, anamwita kwa jina la baba yao aliyekwisha kufa. Alimbeba mwenyewe hadi kwenye pikapu iliyokuwa ikishusha korosho, wakateremka Ndanda.

"Kidonda cha mguu kimeshapona," daktari alimwambia Bonifasi. "Tumboni mwetu mna bakteria wanaotulinda. Dawa zile za kuua vijidudu alizozidishiwa zimewaua. Wabaya waliobaki wakazaliana, wakapenya ukuta wa utumbo, sasa wamo kwenye damu. Figo zinashindwa."

Wauguzi walihangaika naye. Jumapili Fortunatus alifika, akasimama miguuni pa kitanda.

"Ufunguo wa kabati la dukani umeuweka wapi?"

Flora alimwelekeza kwa sauti ndogo, akageukia ukutani. Hawakuzungumza tena. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Novemba 1997, mkono wake ukiwa mkononi mwa Bonifasi.

Ameacha mume, watoto wawili, Maria na Nathanaeli, mama yake mzazi na kaka yake.

Ee Bwana, mpumzishe Flora kwa amani. Sisi tuliomchelewesha kufika hospitali, usitupe amani mapema.