Kaka Yetu Kiherehere, Aliyebuni Viatu vya Magurudumu Vinavyokubali Kusimama

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofanya kazi na marehemu, mimi ni mdogo wake wa mwisho, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu. Nitajaribu kusoma bila haraka. Yeye asingeweza. Angekuwa ameshashuka hapa, ameenda kuangalia kwa nini kipaza sauti kinakoroma.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958, katika nyumba za wafanyakazi zilizokuwa nyuma ya kiwanda cha nguo, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne. Baba alikuwa fundi wa kerezo, ile mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga. Mama alishona sare za shule sebuleni. Mama alitusimulia kwamba mwanawe alianza kukimbia kabla hajajua kutembea vizuri, na kwamba hakuwahi kukalia kiti chote. Alikalia ukingo tu, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Jina la Kiherehere alipewa na mama, kwa hasira, siku alipokuta cherehani yake imefunguliwa na kupangwa sakafuni kipande kwa kipande. Kaka alikuwa na miaka tisa. Akaeleza kwamba alitaka kujua kwa nini lile gurudumu la pembeni linaendelea kuzunguka hata mguu ukishatoka kwenye kanyagio.

"Na umejua?" mama akamuuliza.

"Bado."

"Basi rudisha cherehani yangu. Utajua siku nyingine."

Aliirudisha na ikashona, ila ilianza kutoa mlio ambao fundi hakuweza kuuondoa mpaka ilipouzwa. Jina nalo halikuondoka. Wengi wenu hapa hamkumjua kwa jina jingine.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia mwaka 1965. Mwalimu wa darasa la tatu alimwelewa mapema, akampa kazi ya kufuta ubao, kugawa madaftari na kufungua madirisha, ili awe na sababu ya kusimama. Ripoti yake ya sekondari ilisema, "Ana akili nyingi, lakini kiti chake hakina mtu." Baba aliisoma kwa sauti mezani, akajaribu kukunja uso, akashindwa. Mwaka 1977 kaka alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu stashahada ya usanifu wa mitambo mwaka 1980, na mwaka huohuo akaajiriwa na kiwanda cha baiskeli, kitengo cha breki.

Kazi ya breki ilimfaa, ingawa yeye mwenyewe hakuwa na breki. Alizijaribu baiskeli mwenyewe, na mwaka 1986 moja ilimtupa akavunjika mtulinga. Hospitalini alikabidhiwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mpole wa sura na mkali wa maneno. Alimwambia anyanyue mkono taratibu mara chache. Akanyanyua haraka mara nyingi, bega likavimba upya. Yule dada akamwambia, "Ukirudi hapa na mfupa mwingine, nitakutoza kodi ya nyumba." Alirudi bila mfupa wowote. Walifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1987. Katikati ya sherehe bwana harusi alitoweka, akakutwa chini ya meza akikaza mguu wake uliolegea. Wifi yangu aliinama na gauni lake, akamuuliza kama kuna nafasi ya wawili. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti na mwana.

Mwaka 1989 kaka alihamia kiwanda cha viatu vya michezo. Wakati huo viatu vyenye magurudumu manne yaliyofuatana kwenye mstari mmoja chini ya soli vilikuwa vimeanza kupendwa, na kiwanda kilitaka kutengeneza vya kwake. Kaka alianza kama wengine, akifikiria kasi. Wazo lake kubwa lilitoka jikoni kwake. Wifi yangu alikuwa na mgonjwa, tarishi aliyefanyiwa upasuaji wa goti, ambaye alihitaji kujifunza upya kutelezesha mguu na kuurudisha. Kila alichomvalisha kilimkimbia.

"Magurudumu yote niliyonayo yana haraka kama wewe," alimwambia mumewe. "Mimi nataka yenye subira."

Kaka aliacha chakula mezani. Baada ya miaka kadhaa ya kukata, kuchoma na kutupa, alikuwa na kiatu ambacho hakikuwa na ndugu yake sokoni. Pembeni ya kisigino kulikuwa na kizungusho kidogo, mfano wa kile cha kuongezea sauti ya redio. Ukikizungusha, magurudumu yalikuwa mazito, yakakulazimisha kusukuma. Ukikirudisha, yalikuwa mepesi. Mgonjwa angeanza na uzito wote na mwanamichezo angeutumia kujenga misuli. Breki nayo haikuhitaji mkono: ulitanguliza mguu mbele, ukaegemeza shavu la mguu nyuma kwenye shingo ya kiatu, na kipande cha mpira kikabana gurudumu la mwisho. Kipande hichohicho ndicho kilichotia uzito, na kaka alijivunia sana ubanaji huo wa matumizi. Alivijaribu kwenye uwanja wa kiwanda, ambao ni tambarare kama meza.

Jumapili tarehe 3 Julai 1994, wifi yangu aliomba kuvijaribu kwenye barabara ya hospitali, ile inayoteremka hadi kwenye mzunguko wa magari. Alikuwa ameshajua kuteleza, na alisema hawezi kumvalisha mgonjwa kitu ambacho yeye hajakivaa kwenye mteremko. Kaka alikubali upesi, kwa kuwa aliamini vimekamilika. Mimi nilikuwa pale, nimewashika watoto mikono. Breki ilishika vizuri mwanzoni. Katikati ya kilima wifi alisikia harufu ya mpira unaoungua, kisha shavu la mguu wake likaegemea kitu ambacho hakikujibu. Chini kulikuwa na magari. Akachagua ukingo wa mtaro, akajirusha huko, na mfupa wa paja ukavunjika. Kaka alikimbia kuteremka kile kilima akimwita kwa jina la utotoni ambalo sisi wengine hatukuwa tukilijua.

Kaka zake wifi walikuja hospitalini kesho yake. Mkubwa wao alisema kwa utulivu, na ndiyo maana iliuma, "Shemeji, sisi tulikupa mke. Hatukukupa gari la majaribio." Kaka alirudi nyumbani, akatia viatu vyote vya majaribio na michoro ndani ya gunia, akalitoa nje kwenye pipa la taka. Mimi nililirudisha ndani, kisha nikaenda kumwambia wifi.

Kaka alipofika wodini jioni, mkewe hakumsalimu.

"Nimesikia umeacha."

"Nimeacha. Nimekuumiza, sitaki tena kuviona."

"Mguu wangu umeshavunjika. Ukiacha sasa, utakuwa umevunjika bure. Nenda kalete kile kiatu, tuone kimekosea wapi."

Walikifungua juu ya meza ya chakula ya kitanda, muuguzi akiwagombeza kwa sababu ya grisi. Mpira ulikuwa umelainika, unang'aa kama kioo. Wifi alikuwa ameteremka akiwa amezungusha uzito kidogo, ili asishuke kwa kasi, kwa hiyo ule mpira ulikuwa ukisuguliwa na kupata moto muda wote kabla ya breki kuhitajika. Kaka aliugeuzageuza mkononi. "Nimempa mmoja kazi mbili," alisema. "Amechoka kabla hajaitwa." Kisha akaanza kutembea ushorobani, kwenda na kurudi, mpaka mlinzi akamwomba achague moja, aketi au aondoke.

Kiwandani masanduku ya viatu vile yalikuwa yameshachapwa, na mauzo yalipangwa kuanza Desemba. Kaka aliomba yaahirishwe. Mkuu wa mauzo akasema ajali moja haitoshi kukifanya kiatu kiwe kibaya. Kaka aliuliza kama kuna yeyote kati yao atakayeteremka navyo kile kilima. Ndipo mkurugenzi, mtu mzima, mnene, mwenye shida ya pumzi, akainama na kuanza kufungua kamba za viatu vyake.

"Mzee, nilitaka jibu," kaka akamwambia. "Sikutaka msiba."

Mkurugenzi aliuchukua ule mpira ulioungua, akaupapasa kwa kidole gumba, akaanza kufunga kamba zake tena. "Mimi naogopa," alisema. "Kwa hiyo hatuuzi."

Uamuzi huo haukupita bila kuumiza watu. Vibarua wa msimu hawakuitwa mwaka ule. Fundi mmoja wa kushona ngozi, rafiki yake wa kula naye, aliacha kumsalimu na akahama mtaa. Kaka alimtafuta kwa miaka, hakumpata, na tunalisema hapa kwa sababu lilimsumbua mpaka mwisho.

Alianza upya. Uzito aliuhamishia ndani ya magurudumu ya katikati, kwenye visahani vyembamba vinavyobanwa na springi, na breki akaipa gurudumu lake la nyuma, isiguswe na kazi nyingine yoyote. Safari hii aliteremka kile kilima mwenyewe, wakati wa jua na wakati wa mvua, na pasipokuwa na mvua alimwagia lami maji. Askari wa mzunguko alimzoea. Alikuwa akimsimamishia magari na kumuuliza, "Mzee wa breki, leo utasimama?" Siku nyingine hakusimama. Nyumbani alikuwa hashikiki. Alikula akiwa wima, alijibu maswali ambayo hatukuwa tumeuliza, na binti yake alijifunza kumwamkia akiwa anatembea kando yake.

Wifi yangu alijifunza kutembea upya kwa viatu hivyo. Alianza akiwa ameshika vyuma vya chumba cha mazoezi, uzito umekazwa mpaka magurudumu yakawa kama yamegandishwa, kisha akalegeza kidogokidogo kadiri paja lilivyopata nguvu. Jumamosi tarehe 9 Machi 1996 alisema yuko tayari kwa kilima. Kaka zake walikuja wakasimama pembeni, mikono nyuma. Kaka yetu alikwenda kusubiri chini, na tulipotazama tukaona amebeba godoro kutoka nyumbani, amelitandaza mbele ya mzunguko.

Wifi aliteremka. Alijisukuma, akaongeza mwendo, akaegemeza shavu la mguu, akasimama mbali kabisa na godoro. Aliliangalia.

"Na hilo godoro la nini?"

"La kulalia," kaka akajibu, na akalala juu yake palepale, viganja usoni. Mkubwa wa mashemeji ndiye aliyemnyanyua.

Viatu viliingia sokoni Septemba mwaka huo. Walioanza kujifunza walivipenda, na vyumba vya mazoezi ya hospitali viliviagiza, na yule tarishi naye akataka vya kwake binafsi. Kaka hakuridhika. Aliingia madukani akajifanya mteja, akazungusha vizungusho vya viatu vyote rafuni, na duka moja lilimfukuza bila kujua ni nani. Alibadilisha springi, akabadilisha visahani, aliendelea hivyo mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2013, na baada ya hapo akaendelea bila mshahara.

Mwaka 2014 mkono wake wa kulia ulianza kutikisika ukiwa umepumzika. Daktari alimwambia ni ugonjwa wa kutetemeka, usiopona, unaokwenda polepole. Kaka alisema hilo la polepole ndilo linalomkera. Baadaye hatua zake zikawa fupi na za haraka, zikiongeza kasi zenyewe, mpaka akaanguka mbele. Alipewa kigari cha kushikilia, nacho kikamkimbia. Basi akaagiza yaletwe magurudumu yake, na yeye na binti yake wakayafunga kwenye kigari, yule binti akikaza skurubu na baba akitoa amri. Kilimsaidia kwa miaka. Tuliwasikia yeye na mkewe wakibishana ushorobani.

"Ongeza."

"Nimeongeza."

"Bado kinanikimbia."

"Hakikimbii, mume wangu. Wewe ndiye unakisukuma."

Mwishoni mwa Januari mwaka huu 2023 alipata homa ya mapafu, akalazwa katika hospitali ileile ya juu ya kilima. Hakutulia. Alivuta shuka, alitaka dirisha lifunguliwe, alitaka lifungwe, aliuliza nani yuko barabarani. Alhamisi tarehe 9 Februari, kabla ya adhuhuri, hakuwa na uwezo wa kusema tena, lakini mguu wake mmoja uliendelea kwenda na kurudi chini ya shuka. Mwanawe alitaka kuushika. Wifi yangu alimzuia, akauwekea kiganja juu, bila kuubana, akauacha uende. Alikaa hivyo mpaka uliposimama.

Kaka yetu ameacha mjane, binti mmoja, mwana mmoja, mkwe, wajukuu watatu, dada wawili na kaka mmoja, mashemeji wanaomlilia kama ndugu wa tumbo moja, pamoja na wapwa na marafiki wengi.

Apumzike, kaka yetu, na amani ambayo hakuwa na muda wa kuikalia imfikie pale alipolazwa.