Barua ya Onyo ya Shangazi

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya kufunga boti za abiria kwenye gati letu, Shangazi anastaafu. Sote tunamwita hivyo, hata meneja. Faili lake lina pongezi kumi na moja na barua moja ya onyo, na hiyo barua ndiyo inayonikosesha raha mimi, karani wa ratiba, niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu.

Alianza kwa kufagia chumba cha kusubiria. Siku moja mfunga kamba aliugua, boti ikaja na upepo mkali, Shangazi akatupa ufagio, akadaka kamba na kuizungusha mara mbili kwenye nguzo ya chuma. Boti ikatulia tuli. Tangu siku hiyo ufagio ulishikwa na mtu mwingine.

Miaka sita iliyopita, kabla sijawa karani, nililetwa kwake nijifunze kufunga boti. Zungusha kamba kwenye nguzo, vusha, zungusha tena, pachika kitanzi, basi. Yeye alifunga huku anapiga soga na abiria. Mimi nililichora fundo daftarini kwanza, nikatia mishale kwa kalamu nyekundu, kisha nikajifunga kidole gumba.

Wiki ya pili nikajiona fundi. Shangazi alikwenda kula, akaniachia boti moja tu. Maji yalikuwa yamejaa pomoni. Alikuwa amenionya niiache kamba ilegee kidogo, lakini mimi, msomi, nikaona huo ni uzembe. Nikaikaza kwelikweli, nikaongeza mafundo sita juu yake, nikaenda kunywa chai kifua mbele.

Maji yakapwa. Boti haikuweza kushuka nayo. Ikabaki inaning'inia ubavuni mwa gati kama koti kwenye msumari, na maboya ya abiria yakimwagika moja moja. Fundo la Shangazi hufunguka kwa mkono mmoja. Langu lilifunguliwa kwa shoka la fundi mitambo.

Meneja akaja anafoka, akitaka kujua ni nani. Nilikuwa stoo, nyuma ya mlango, najifanya natafuta rangi. Bado nilikuwa kwenye miezi ya majaribio, na kosa moja lilitosha kunirudisha nyumbani. Nikamsikia Shangazi akisema zamu ni yake, fundo ni lake, asamehewe. Akaandikiwa barua palepale. Aliponikuta stoo hakunigombeza; alinipa kipande cha kamba na kuniamuru nisimrudie mpaka niweze kulifunga fundo lake macho yakiwa yamefumbwa. Ilinichukua miezi minne. Aibu yenyewe haijaisha mpaka leo.

Sasa, meneja, najua unausoma wasifu huu ukiwa jukwaani, mbele ya wanawe na wajukuu zake, kwa hiyo nimechagua mahali pazuri pa kusema ukweli. Fundo lile lilikuwa langu. Naomba barua ile itolewe kwenye faili la Shangazi leo hii, iwekwe kwenye langu. Jumatatu nitauacha ukarani na kuzipokea kamba zake nikiwa tayari nimeonywa, jambo ambalo abiria watalifurahia.

Shangazi, asante kwa kunificha. Nenda kapumzike, ulee wajukuu, ulale mpaka uchoke. Kamba nimeiacha imelegea kidogo.