Mtoto Niliyemfungia Mlango

Ndugu zangu, wamama na wababa, vijana, na nyinyi majirani zetu Waislamu mliokuja leo kwa sababu ni siku ya kuombea shule, nawasalimu wote. Nitasema Kiswahili ili hata waliovuka mpaka kutoka upande ule wanisikie. Kiswahili changu ni cha sokoni, mtanivumilia. Miaka yote nasimama mbele ya watoto bila hofu, lakini kusema ubaya wangu mbele ya watu wazima ni kitu kingine.

Mimi ni mwalimu. Wengi mnanijua. Watoto walikuwa wananiita Afande, na jina hilo nililipenda, nisiwafiche. Nikiingia darasani, kimya. Nikisema "simama," sitini wanasimama. Fimbo yangu ilikaa juu ya meza kila siku, na wazazi wengine walikuwa wanakuja kunishukuru: "Mwalimu, muchape tu, huyo kichwa ngumu." Serikali ilikuwa imeshakataza fimbo. Mimi nilisema serikali haifundishi darasa la sita.

Sasa mwaka ule uliofuata mafuriko ya Kasese, muhula wa kwanza, tulipokea msichana mmoja hapa Bwera. Simtaji jina. Alikuwa na miaka kumi na miwili hivi, amekuja kukaa kwa shangazi yake anayeuza samaki wakavu wa kutoka Hamukungu, kule ziwani, katika soko la Mpondwe. Tuliambiwa tu kwamba ametoka mjini Kasese. Hakuna aliyeuliza zaidi, na mimi nikiwa wa kwanza kutouliza.

Ndugu zangu, nawaambia, mtoto yule alinishinda. Daftari hana, au analo na kurasa zimechanika. Ukimwuliza swali, anakutazama kama hakusikia. Mwenzake akimcheka, anampiga ngumi ya kiume kabisa. Na kibaya zaidi, alikuwa anatoka. Katikati ya somo, bila ruhusa, anasimama, anapita mbele yangu na kwenda zake. Siku nyingine harudi mpaka kesho.

Nilimchapa. Nilimpigisha magoti kwenye changarawe. Nilimpa sehemu kubwa ya nyasi za kufyeka nyuma ya vyoo. Alifyeka zote bila neno, na siku mbili baadaye akatoka tena. Nikamwambia hedimasta, "Mzee, huyu ataharibu darasa zima. Chagua, mimi au yeye." Hedimasta akaniambia nivumilie mpaka mwisho wa muhula. Mimi nikaona nimedharauliwa.

Ikafika siku ya mtihani wa hesabu. Nilikuwa nimejiapia kwamba siku hiyo hatatoka. Nilipogawa karatasi nilifunga mlango kwa ufunguo, nikatia ufunguo mfukoni, nikasimama pale pale mlangoni. Karibu saa tano mlima ule unaoonekana dirishani ukaingia katika wingu, darasa likawa giza kidogo. Nikamwona anaweka kalamu chini. Akaja mpaka mbele yangu.

"Mwalimu, niache niende."

"Rudi kitini."

"Mwalimu, nakuomba."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia neno "nakuomba" katika mdomo wake. Mimi nikapaza sauti ya Afande: "Kaa chini!" Darasa zima likaruka. Yeye hakukaa. Alinitazama mimi, akatazama dirisha, na kabla sijafungua mdomo tena alikuwa amepanda juu ya dawati na kuvunja kioo kwa mkono wake mtupu. Akapita. Damu ilidondoka juu ya karatasi za watoto wawili. Mvua ikaanza. Watoto wanalia, na mimi, mwalimu mzima, nimesimama na ufunguo mfukoni, naogopa hata kuutoa.

Sikumkimbilia. Hiyo ndiyo dhambi ninayoileta hapa leo. Kumfungia nilikosa, lakini kuacha mtoto anayevuja damu aende peke yake katika mvua, nikajiambia "atarudi mwenyewe," hiyo inanila mpaka leo.

Alasiri shangazi yake akaja shuleni kumwulizia mtoto. Hakuwa nyumbani. Tulitoka kumtafuta, walimu na watoto wakubwa, na shangazi yake ndiye aliyemwona, jua likikaribia kuzama, amekaa juu ya ukingo wa mto Lhubiriha, mbali na nyumbani kwao, mkono umefungwa kwa sweta ya shule, anatazama maji. Hospitalini walimshona.

Wiki ile sikula. Kila bodaboda iliyosimama karibu na nyumba yangu nilidhani imeleta polisi. Nikiandika ubaoni, chaki inavunjika. Hedimasta aliniita, akanisikiliza, akaniambia, "Nenda, nitakuita tena," na siku zikapita hajaniita. Bora angenifukuza siku hiyo hiyo! Kungoja kulinimaliza. Nikamwambia mke wangu naacha ualimu, naenda Mweya, kule kwenye hifadhi ya wanyama, kutafuta kazi ya ulinzi wa geti. Mke wangu akanijibu, "Utaenda Mweya. Na mtoto yule utakuwa umemfanya nini?"

Kulikuwa na mama mmoja mzee anayefundisha darasa la pili. Nilimdharau kwa sababu darasa lake lilikuwa na kelele. Mama huyo alinikuta nimekaa chini ya ngazi za ofisi.

"Mwalimu," akasema, "yule msichana alikuwa anaenda wapi?"

"Sijui. Sokoni, labda. Anazurura."

"Ulimwuliza?"

"Nilimwuliza mara nyingi kwa nini anatoka."

"Sikusema hivyo. Nimesema, ulimwuliza anaenda wapi?"



Kesho yake nilikwenda kwa shangazi. Njiani nilisimama mara tatu nikitaka kurudi. Nilijua atanifukuza, na kama angenipiga mbele ya majirani ningekubali. Nikamkuta anapanga samaki katika beseni. Akanisukumia kiti.

"Kaa, mwalimu. Wewe ndiyo ulifunga mutoto?"

"Ni mimi."

"Huyu mutoto, siku ile maji ilikuja Kasese, yeye iko masomo. Mvua ilinyesha kule juu mulimani. Aliona mawingu, akaomba mwalimu arudie nyumbani, mama yake iko na katoto ka kunyonya. Mwalimu akamuambia ngojea. Akangojea. Kufika nyumbani, nyumba hakuna. Mama hakuna, katoto hakuna." Akafuta mikono kwa kitenge. "Sasa mawingu ikishika mulima, ni lazima aone kama mimi niko. Anakuja, anachungulia tu hapa kwa mulango. Akinikosa anaenda sokoni. Akiniona, anaenda kukaa kando ya mto, anachunga maji mpaka ishuke."

Nyumba yao ilikuwa chini kabisa, karibu na mto. Mto nilikuwa nausikia pale nilipokaa.

Ndugu zangu, miezi mitatu nilikuwa nikimchapa mtoto kwa kosa la kutaka kujua kama mtu wake aliyebaki bado yuko hai. Na wingu lilikuwa pale kila mara alipotoka, mimi sikuinua hata kichwa.

Msichana akatokea mlangoni, mkono katika bendeji. Hakunisalimu. Nikatoka kwenye kiti, nikapiga magoti kwenye udongo ule, nikamwambia, "Nilikosa. Nisamehe."

Akauliza, "Utanifungia tena?"

"Hapana."

"Hata mvua ikija?"

"Hata mvua ikija."

Hakusema amenisamehe. Aliingia ndani.

Wiki mbili baadaye alirudi shuleni. Hedimasta alinipa onyo kwa barua na akaniacha niendelee, kwa sharti kwamba fimbo iishe. Nikamweka msichana karibu na mlango. Tukapatana: akitaka kwenda ataenda, lakini aniambie kwanza. Msidhani mambo yalinyooka. Wiki ya kwanza alikwenda mara nne. Watoto wengine wakaanza kuniambia na wao wanaona mawingu, na jua linawaka! Walimu wenzangu wakasema nimerogwa. Msichana alimpiga mwenzake tena, na siku hiyo hasira ilinipanda, nikatoka nje nikazunguka darasa mara mbili ndipo nikaweza kurudi.

Yule mama wa darasa la pili akanishauri kuhusu simu. Basi, mlima ukijifunika, nampigia shangazi, nampa msichana simu pale mlangoni. Anauliza neno moja tu, "Uko?" Na shangazi anajibu, "Niko." Anarudisha simu, anakaa. Wakati wa chakula cha mchana nilianza kumsomesha kidogo kidogo, maana niligundua kwamba tangu mafuriko hakuwa amejifunza kitu. Hesabu za mgawanyo ndizo zilimtesa. Alikuwa anakosea, anachana karatasi, tunaanza upya.

Halafu ikaja siku moja ya muhula wa tatu. Mlima ulikuwa mweusi tangu asubuhi. Saa nne nikapiga simu: haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Msichana amesimama mbele yangu, ananitazama usoni, na uso wangu, ndugu zangu, haukuweza kudanganya. Nilikuwa naogopa kama yeye.

Ningeweza kumwambia ngoja. Neno hilo lilifika kwenye ulimi. Nikalimeza. Nikamwita mama wa darasa la pili aangalie watoto wangu, nikamwambia msichana, "Twende wote."

Tulikimbia. Mvua ilitukuta nusu ya njia, mvua ile ya kupiga kama mawe. Yeye yuko mbele, mimi nyuma, nimeanguka mara moja na yeye akarudi kunivuta mkono. Tulipofika kwenye mteremko tukauona mto. Ulikuwa wa rangi ya udongo, umebeba migomba mizima na mizizi yake. Maji yalikuwa tayari katika uwanja wao. Mlango wa nyumba uko wazi, ndani hakuna mtu, beseni la samaki linaelea.

Mtoto hakulia. Alisimama kama mti. Nilimshika bega, lilikuwa gumu. Nilipiga kelele nikimwita shangazi yake, na moyoni nasema, Mungu, siyo mara ya pili. Siyo kwa mtoto huyu. Ukitaka kitu, chukua kwangu.

Ndipo nikasikia sauti kutoka barabara ya juu. Alikuwa jirani yao mmoja, Mwislamu, mwenye kuendesha lori la mizigo. Amesimama juu ya lori lake, anapunga kofia: "Mwalimu! Beko huku! Bote beko huku juu!" Yaani, wote wako kule juu.

Tulipanda ule mteremko kwa mikono na magoti. Shangazi alikuwa amekaa juu ya magunia katika lori pamoja na watoto wa majirani, amelowa chapachapa, simu yake imeingia maji. Alipotuona, cha kwanza alichosema ni, "We mwalimu, mbona unatoa mutoto masomo kwa mvua kama hii?"

Msichana akapanda lori, akaweka kichwa katika mapaja ya shangazi yake, akalia. Alilia kwa sauti kubwa mpaka watu wa barabarani wakasimama. Shangazi akaniambia baadaye kwamba tangu siku ile ya Kasese alikuwa hajalia hata mara moja.

Kesho yake alikuja shule na viatu vya kuazima. Jioni mvua ikanyesha. Aliinua kichwa, akatazama mlima, akanitazama. Nikaingiza mkono mfukoni kutoa simu. Akatikisa kichwa: hapana. Akarudi kwenye hesabu yake.

Alimaliza la saba, akapita. Sasa yuko sekondari. Bado mvua inamsumbua, anaponipigia simu naisikia hofu katika sauti yake. Mimi pia inanisumbua.

Namshukuru mama wa darasa la pili, ambaye amekaa pale nyuma na hataki nimwangalie. Namshukuru mke wangu, na hedimasta ambaye hakunitupa. Namshukuru jirani mwenye lori, aliyewatoa watu kabla hajatoa mizigo yake. Na yule mama mwuza samaki, aliyenipa kiti siku ambayo nilistahili kufukuzwa.

Walimu wenzangu, wazazi, ninalo jambo moja la kuwaachia. Mtoto anayekusumbua mchunge kabla hujampiga: anasumbua saa ngapi, siku gani, akitazama wapi. Ukishajua, nenda kwao. Usitume barua. Nenda kwa miguu yako, hata kama unaogopa.

Maana kuogopa hakuishi. Mwezi huu nimepokea mtoto mwingine, ametoka upande wa Kinyamaseke. Anauma wenzake, na ukimgusa anaingia chini ya dawati. Wiki mbili namchunga na sijaelewa chochote. Kesho baada ya masomo nakwenda kwao. Sijui nitakuta nini. Mniombee.